Ziara ya Kihistoria ya Posta kwa Shule za Msingi: Tathmini ya Mwalimu wa Kiswahili

Huduma ninayoitathmini hapa ni ziara ya kutembea kwa miguu katikati ya jiji la Dar es Salaam, eneo ambalo wakazi wengi tunaliita Posta, iliyoandaliwa kwa ajili ya wanafunzi wa Darasa la Tatu hadi la Sita. Shule inayolipia hupata kipindi kimoja cha maandalizi kinachofanyika darasani kabla ya safari, ziara yenyewe inayoanzia Boma la Kale na kuishia Makumbusho ya Taifa, kijitabu cha mwanafunzi na kiongozi cha mwalimu. Waandaaji ni vijana wachache wenye mafunzo ya ualimu ambao bado wanaihesabu huduma yao kuwa ya majaribio, na wameomba jina lao lisitajwe hadi toleo la pili la kijitabu litakapotoka. Nimewakubalia, kwa kuwa yote ninayoyaandika hapa, mazuri na mabaya, wameshayasikia kutoka kwangu ana kwa ana.

Ziara za shule kwenda mjini si jambo geni, na nyingi tunazozijua huishia kwa watoto kupigwa picha, kunywa soda na kurudi na daftari tupu. Hii inadai jambo kubwa zaidi, yaani kufundisha historia na stadi za kusoma na kuandika kwa wakati mmoja, bila somo moja kuwa kisingizio cha lingine. Dai hilo limekuja wakati wake. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umeipa historia ya nchi yetu somo lake lenyewe, Historia ya Tanzania na Maadili, baada ya miaka kadhaa ya kufunikwa ndani ya Maarifa ya Jamii, ilhali sote tunaofundisha madarasa ya juu tunajua kwamba wapo watoto wanaofika Darasa la Tano wakiwa wanaweza kutamka kila neno lililoko kwenye ukurasa lakini hawawezi kueleza ukurasa huo unasema nini. KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ya madarasa ya chini imewafundisha kufumbua herufi. Anayepaswa kuwafundisha kulihoji andiko ni nani, kama si sisi, na kwa kipindi kipi, kama ratiba imejaa? Kwa hiyo niliipima ziara hii kwa swali moja tu katika kila kituo: je, hapa mtoto anasoma kwa sababu kuna jambo analotaka kulijua, na anaandika kwa sababu ana la kusema, au anajaza karatasi ili tuondoke?

Kipindi cha maandalizi kinatosha bila kuzidi. Watoto waligawiwa picha za jiji za nyakati mbalimbali, wakatakiwa kuzipanga kuanzia ya zamani zaidi hadi ya karibuni, kisha kila kundi likaeleza limejuaje. Mwongozaji hakukubali jibu la “inaonekana ya zamani”. Alitaka waseme ni kitu gani kilichowaonyesha hivyo, na mara wakaanza kusoma mabango ya maduka yaliyomo kwenye picha, aina za magari, hata mavazi. Ni zoezi rahisi ambalo mwalimu yeyote anaweza kulifanya kwa picha alizokata kwenye magazeti, na nilifurahi kuona kwamba kiongozi cha mwalimu kinasema hivyo waziwazi badala ya kujifanya kwamba lazima ununue picha zao.

Kituo cha kwanza siku ya safari, Boma la Kale lililoko kando ya Barabara ya Sokoine, ndicho kilichonivunja moyo. Jengo lenyewe halina kosa. Lilijengwa katika miaka ya 1860, zama za Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, alipoanza kujenga mji mpya karibu na kijiji cha Mzizima, na kuta zake nene za mawe ya matumbawe pamoja na mlango wake wa kuchonga zingeweza kuzungumza na mtoto kwa saa nzima. Lakini kijitabu hakimwachi aangalie. Kimemwekea aya moja fupi iliyobanwa miaka mingi kuliko inavyoweza kubeba: mwaka mji ulipoanza kujengwa, mwaka Sultani alipofariki, ambao ni 1870, mwaka Wajerumani walipofika, mwaka walipohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo, ambao ni 1891, na kuendelea. Chini ya aya hiyo kuna zoezi la kujaza nafasi zilizo wazi, na kila nafasi ni mwaka. Wanafunzi wangu walifanya kile ambacho mwanafunzi yeyote mwenye akili angefanya: walitafuta tarakimu kwenye aya, wakazihamishia kwenye mistari, wakafunga vijitabu vyao bila hata mmoja kuunyanyua uso kuutazama mlango. Wote walipata alama zote. Nilipowauliza kwa nini Sultani wa Zanzibar alitaka mji upande huu wa bahari, walinitazama kama kwamba nimetoka nje ya mada.

Aya hiyo ina kasoro ya pili ambayo ni ya lugha. Kila sentensi imeanza upya na -li-: Sultani alikuja, alijenga, alifariki, Wajerumani walifika, walichukua. Hayo ni matukio yaliyopangwa moja juu ya jingine bila kuunganishwa, na mtoto anayesoma hivyo ndivyo atakavyoandika. Lugha yetu ina -ka- kwa ajili ya kazi hii hasa, kusukuma kisa kutoka tendo moja hadi linalofuata, na tena ina “ingawa”, “kwa hiyo”, “kabla ya” na “hatimaye” za kuonyesha kwamba jambo moja limezaa jingine. Aya ya historia isiyo na viunganishi inamfundisha mtoto kwamba mambo hutokea tu. Cha ajabu ni kwamba waandaaji wanalijua hili, maana kurasa za mwisho za kiongozi cha mwalimu zinalieleza vizuri kuliko nilivyoeleza mimi, kwa mfano wa kisa kilekile cha kuanza kwa mji kilichoandikwa mara mbili, kwanza kwa -li- tupu, kisha kwa -li- ya kufungulia na -ka- ya kuendeleza. Ukurasa huo ungehamishiwa kwenye kijitabu cha mwanafunzi, mahali pa yale mapengo, kituo cha Boma kingekuwa kingine kabisa.

Kutoka hapo tuliipita Barabara ya Sokoine kwa mwendo wa haraka, tukilitazama Kanisa la Mtakatifu Yosefu kwa nje tu, jambo ambalo lilikuwa sawa kwa kuwa jua lilikuwa limeanza kuwa kali na watoto wa umri huo wana kiasi chao cha majengo wanayoweza kuyatazama kwa asubuhi moja.

Sanamu ya Askari ndiyo inayoifanya ziara hii istahili fedha zake. Iko kwenye makutano ya Barabara ya Samora na Mtaa wa Azikiwe, katikati ya mzunguko wa magari, na waandaaji wamefanya busara kutowavusha watoto: kundi linasimama pembeni, upande wenye kivuli, na kila wanafunzi wawili wanapewa karatasi yenye picha kubwa na inayosomeka ya maandishi yaliyoko kwenye msingi wa sanamu. Mwongozaji hakuhutubia. Aliwataka wasome kimya, kisha mmoja asome kwa sauti, kisha akauliza, “Nani anazungumza hapa?”

“Askari,” alijibu mmoja.

“Askari si ameshakufa? Ataandikaje?” mwenzake akamkatiza, na kundi zima likacheka, lakini swali lilikuwa limeshawaingia.

Hapo ndipo alipowapa habari wanazohitaji, kidogo kidogo, kila moja ikiwa jibu la swali lililoulizwa na mtoto. Mahali hapa Wajerumani waliwahi kuweka sanamu ya Hermann von Wissmann, aliyewahi kuwa gavana wao. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza wakaiondoa. Na mwaka 1927 wakaiweka hii ya askari wa Kiafrika, kazi ya mchongaji wao James Alexander Stevenson. Maneno ya msingini yalitungwa na mwandishi Mwingereza, Rudyard Kipling. Kwa hiyo anayezungumza ni serikali iliyoshinda vita, inawaambia wenyeji waliopigana na kubeba mizigo upande wake jinsi inavyotaka wakumbukwe. Wanafunzi wa Darasa la Tano walilifikia hilo kwa maneno yao wenyewe, na kwa kusoma, si kwa kuambiwa. Sikuwahi kulifikisha darasa mahali hapo kwa kitabu cha kiada peke yake.

Kilichofuata nakieleza kwa urefu kwa sababu ndicho kinachoonyesha masomo haya mawili yakifanya kazi pamoja. Maandishi yale yanawataja askari, kisha yanawataja wapagazi na kuwaita miguu na mikono ya jeshi, kisha wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Msichana mmoja, ambaye darasani huwa hanyooshi mkono hata umwite, aliuliza, “Kaka, sasa wapagazi wako wapi?”

“Wametajwa wapi?” mwongozaji akamrudishia.

“Kwenye maandishi.”

“Na juu?”

Akatazama juu, akatazama karatasi, akatazama juu tena. “Juu yuko askari tu.”

Kijitabu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kilikuwa na zoezi linalostahili wakati huo: andika sentensi ya kueleza unachokiona, kisha sentensi ya kueleza unachokisoma, kisha useme kama zinakubaliana. Msichana yule aliandika hivi, nami nimerekebisha nukta na mkato tu: “Juu kuna askari mmoja ameshika bunduki. Chini wamesema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini mimi sioni mguu wa mpagazi hata mmoja.” Katika mistari hiyo mna ufahamu, mna ulinganishi, mna “lakini” iliyokaa mahali pake, na mna jambo ambalo wanahistoria wameandika vitabu kulieleza, kwamba vita vile katika Afrika Mashariki vilibebwa mabegani na vichwani mwa watu ambao makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu, na ambao ukumbusho wao ni mdogo kuliko mzigo wao. Mwalimu atakayetaka kuendeleza mazungumzo darasani awaonyeshe watoto picha ya ukumbusho wa aina hiyohiyo ulioko Nairobi, ambako sanamu ziko tatu na mpagazi ni mmojawapo, awaulize ni ipi iliyoyatendea haki maneno yake.

Hata hapa, hata hivyo, pana dosari mbili. Faharasa iliyoko nyuma ya kijitabu inamweleza mpagazi kuwa ni mtu anayebeba mizigo kwa malipo, na basi. Kwa mizigo ya sokoni maelezo hayo yanafaa. Kwa vita vya 1914 hadi 1918, ambamo wapagazi wengi walikamatwa vijijini mwao wakapelekwa kwa nguvu, yanamdanganya mtoto mahali ambapo ameanza kuona vizuri. Ya pili inamhusu mwongozaji. Mvulana mmoja aliuliza mfalme anayetajwa ni mfalme yupi, akaambiwa aliweke swali hilo, atapata jibu mbele ya safari. Jibu lilikuwapo kweli, tena zuri ajabu, maana mfalme wa Uingereza wakati wa vita vile alikuwa George wa Tano, na jengo la zamani la Makumbusho ya Taifa tulikokuwa tunaelekea lilifunguliwa mwaka 1940 likiwa kumbukumbu yake. Tulifika, tukaingia, tukatoka, na swali la mtoto halikuguswa. Andiko moja lingemfungulia andiko jingine, naye angejua kwamba maswali yanayoahirishwa hujibiwa. Nimewaomba waandaaji waliandike swali hilo ndani ya kijitabu ili lisitegemee kumbukumbu ya mtu.

Kati ya sanamu na makumbusho kuna matembezi ya kuifuata Barabara ya Samora, na waandaaji wameyatumia kwa zoezi ambalo sikulitarajia: watoto wanasoma vibao vya majina ya barabara na mitaa, wanachagua jina moja, na wakirudi shuleni wanaandika wasifu wa mtu huyo kwa aya moja. Katikati ya jiji letu ni mahali pazuri pa kazi hii. Samora Machel alikuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, naye kwa miaka kadhaa aliishi katika mji huu huu pamoja na wenzake wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoanzishwa hapa Dar es Salaam mwaka 1962. Azikiwe alikuwa rais wa kwanza wa Nigeria. Sokoine alikuwa Waziri Mkuu wetu hadi ajali ya gari ya Aprili 1984. Shaaban Robert, ambaye makumbusho yako kwenye barabara yenye jina lake, alifariki mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru. Watoto waliojua majina hayo kama vituo vya kushukia tu waligundua kwamba ni watu. Wengi walimchagua Sokoine, kwa sababu nyumbani wanaweza kumpata mtu wa kuwasimulia; hilo lenyewe ni somo kuhusu vyanzo vya habari, ijapokuwa kijitabu hakikulitaja.

Ndani ya makumbusho kazi ni moja na inatosha. Kila mtoto anachagua kitu kimoja, anasoma maelezo yake, kisha anayaandika upya kwa ajili ya msomaji wa Darasa la Pili, kwa sentensi zisizozidi tatu. Mwalimu wa Kiswahili atautambua huu kuwa ni ufupisho, mada inayowachosha wanafunzi kuliko zote katika silabasi, ila hapa ina msomaji anayejulikana na ina sababu. Wengi walikwenda kwenye habari za Zinjanthropus, fuvu lililogunduliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, wakapambana na tatizo halisi la mwandishi: utamwelezaje mtoto wa miaka saba muda wa miaka milioni 1.75? Mmoja aliandika “zamani sana”, akafuta, akaandika “kabla ya babu wa babu wa babu”, akafuta tena, mwishowe akaiweka tarakimu yenyewe na kuongeza, “hakuna mtu anayeweza kuhesabu mpaka huko kwa siku moja.” Sikuwa na cha kumrekebisha. Nilichorekebisha ni maandishi kadhaa ya wanafunzi yaliyomwita Zinjanthropus babu yetu wa kwanza, kwa kuwa wataalamu humhesabu kuwa wa tawi la pembeni lililotoweka, na kiongozi cha mwalimu hakina onyo lolote juu ya kosa hilo ambalo kila darasa litalifanya.

Magari yaliyotumiwa na Mwalimu Nyerere yaliwavutia wavulana wote, kama ilivyotarajiwa, na yalizaa maandishi machache kuliko vitu vingine vyote. Sijui waandaaji walitaka yafanye nini.

Sehemu ya mwisho ya huduma haihitaji basi wala kiingilio. Kijitabu kinampa mwanafunzi kurasa nne zenye kichwa “Muulize Mzee”, akae na bibi, babu au jirani mwenye umri mkubwa, amwamkie ipasavyo, aombe ruhusa ya kuandika, kisha aulize kuhusu jambo moja alilolishuhudia. Maswali ya mfano yamechaguliwa na mtu anayeijua nchi hii: vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kuhamia vijiji vya ujamaa, uhaba wa bidhaa wa miaka ya themanini, shule ya siku hizo. Yaliyorudi darasani yalinishangaza kwa wingi wake. Mtoto mmoja aliandika kwamba bibi yake alikuwa akiweka jiwe kwenye foleni ya sukari ili lishike nafasi yake, akaenda kupika, akarudi akalikuta jiwe limesogezwa mbele na jirani mwema. Mwingine aliandika kwamba bibi yake alisema mawe yalikuwa yakitupwa na wenye haraka. Darasa likataka kujua nani anasema kweli.

Hapo ndipo usemi halisi na usemi wa taarifa, ambavyo kwa miaka mingi nimevifundisha kwa sentensi za Juma na Asha wasiojulikana na mtu, vilipopata kazi ya kufanya. Ukiandika “jiwe lilisogezwa mbele”, umejitia shahidi wa jambo usiloliona. Ukiandika “Bibi alisema kwamba jiwe lilisogezwa mbele”, umempa msomaji njia ya kujua habari imetoka wapi. Na ukiyanukuu maneno yake kama alivyoyatamka, lazima uweke alama za kunukuu, usiongeze lako. Wanafunzi waliozoea kuziona alama hizo kama mapambo ya mtihani walianza kuulizana, “Hayo ni maneno ya bibi au ni yako?” Waliandika pia “kwa mujibu wa”, wengine mara nyingi mno, lakini hilo litajirekebisha. Nilivutiwa vilevile na jinsi walivyolazimika kutafuta namna ya kueleza mazoea ya zamani, maana jambo lililofanyika kila wiki kwa miaka haliwezi kuelezwa kwa “alipanga foleni”. “Alikuwa akipanga” ikaja yenyewe, kwa mahitaji ya kisa.

Kiongozi cha mwalimu kina jedwali la kusahihishia kazi hizi, nalo linahitaji kuandikwa upya. Limetenga alama za historia na alama za lugha, wazo ambalo ni zuri, lakini upande wa lugha alama karibu zote zimekwenda kwenye tahajia na mwandiko, hivi kwamba mtoto aliyenakili aya ya Boma bila kosa anampita yule wa mguu wa mpagazi. Mimi niliacha kulitumia baada ya kazi chache, nikasahihisha kwa mambo mawili: je, umeonyesha habari yako imetoka wapi, na je, msomaji anaweza kufuata kilichotangulia na kilichofuata?

Kuhusu gharama, tulilipa shilingi 7,000 kwa kila mwanafunzi, kijitabu kikiwamo, usafiri na viingilio vikiwa juu ya shule. Kwa shule binafsi hiyo si fedha ya kujadili. Kwa shule ya umma ya upande wetu wa Temeke, ambako mzazi mmoja anaweza kuwa na watoto watatu katika madarasa yanayofuatana, ilituchukua vikao viwili vya kamati ya shule na michango ya wasamaria. Gumu zaidi ni idadi. Huduma inapokea wanafunzi wasiozidi 40 kwa ziara moja, na ninaelewa sababu, kwa kuwa kundi kubwa kuliko hilo haliwezi kusimama pembeni mwa barabara likasikilizana. Lakini kiwango cha serikali chenyewe ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, na mikondo mingi ya Dar es Salaam inapita hapo kwa mbali. Waandaaji wanasema shule igawe darasa na kulipia ziara mbili. Ni rahisi kusema.

Sisi tuliopungukiwa tuliipeleka mbinu ya Sanamu ya Askari kwa watoto waliobaki, bila kutoka nje ya uzio. Shule nyingi za msingi nchini zina jiwe la msingi au kibao cha uzinduzi, na wengi tunapita mbele yake kila siku bila kulisoma. La kwetu lina jina la kiongozi aliyeliweka, cheo chake, tarehe, na halina jina la fundi wala la mzazi yeyote aliyechangia tofali. Nani anazungumza? Anamwambia nani? Nani hakutajwa? Watoto walikwenda kumuuliza mlinzi, mlinzi akawaelekeza kwa mzee mmoja anayeuza kahawa karibu na msikiti, na mzee akawatajia majina ya watu walioponda kokoto. Sasa majina hayo yako kwenye karatasi ya manila ukutani mwa darasa, yameandikwa kwa mwandiko wa watoto ambao hawakuwahi kufika Posta.

Mwalimu atakayeiagiza huduma hii kabla ya toleo la pili aombe kiongozi cha mwalimu mapema akisome kuanzia nyuma, aruke ukurasa wa Boma na badala yake awape watoto dakika kumi za kuutazama na kuuchora ule mlango, na aandike mwenyewe swali la mfalme kwenye kona ya kijitabu. Aombe pia ziara ianze saa mbili asubuhi. Saa nne, pale kwenye makutano, kivuli kinakuwa kimekwisha.